Pale Mabomba Yalipopishana

Bomba lilikuwa refu kuliko yeye. Sosthène alilijaza mchanga mkavu mpaka likawa bubu ukiligonga, akaliziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, akalichomeka kwenye tundu alilokuwa amelitoboa katika taruma kuukuu la reli. Kisha akaanza kulisukuma kwa nyonga, kidogo kidogo, kama mtu anayemsogeza ng'ombe asiyetaka kusogea. Chuma kikalalamika. Akaacha, akalitazama kwa jicho moja, akalisukuma tena. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya mfuko wa saruji iliyoganda, mimba yangu ya kwanza mapajani, na sikuweza kuyaondoa macho yangu.

"Mchanga ni ya nini?" nikamwuliza.

"Ya kushika tumbo," akasema. "Bomba tupu ukiikunja, tumbo yake inaingia ndani. Maji inafika pale, inakosa njia. Mchanga inashika tumbo mpaka mugongo ikubali."

"Na kwa nini usitumie kona za dukani?"

Hapo aliniangalia kama niliyemtukana. Sosthène alitoka Beni, alijifunza ufundi misheni, na alivuka mpaka akiwa na spana mbili na kiburi chake. "Maji haipendi kona," akasema. "Ukiipa kona inagonga kichwa, inapiga kelele, siku moja inatoboa. Mupe njia ya polepole, itapita kama mutu anaenda misa."

Mama yangu alizoea kusema kwamba masikio yangu yana miguu, hayatulii nyumbani. Siku ile yalikuwa yamekaa hapohapo.

Ulikuwa mwaka wa 1968, na nyumba ilikuwa ya mume wangu, Yafesi, aliyenunua kahawa kwa wakulima wa Mahango na kuishusha Kasese kwa lori lake. Alikuwa na wake wawili. Wa kwanza, Vasta, alitoka naye mlimani wakati hawana kitu ila majembe na ndoa ya kanisani. Wa pili nilikuwa mimi, Elise. Mimi alinikuta Bwera, nikiuza vitenge pamoja na mama yangu Emérance, baada ya kuvuka kutoka Butembo mwaka 1964, vita vilipofika kwetu. Yafesi hakumwambia Vasta habari zangu. Vasta aliambiwa na wachuuzi wa chumvi, sokoni, mbele ya watu, akiwa anapima maharagwe. Wanasema hakusimamisha mkono. Alimaliza kupima, akaongeza kiganja kimoja cha nyongeza kama desturi, akamkabidhi mnunuzi.

Siku tuliyohamia Kasese Vasta alinisalimu kwa Lhukonzo, wabukire, nami nikaitika. Baada ya hapo hatukusemezana.

Yafesi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kugawa. Sabuni aliigawa, sukari aliigawa, na alipojenga akagawa nyumba. Ile kubwa aliikata katikati kwa ukuta, kila mmoja na mlango wake. Ng'ambo ya uwanja akajenga safu ya vyumba vinne vidogo vya matofali ya kuchoma, jiko langu na bafu langu, jiko la Vasta na bafu lake. Tangi lilisimama kwenye ncha moja ya safu hiyo. Sasa nani akae upande wa tangi? Yafesi alifikiri, akaona haki ni kuvichanganya. Kwa hiyo kutoka kwenye tangi kilitangulia jiko la Vasta, kikafuata jiko langu, halafu bafu la Vasta, na mwisho bafu langu. Alipomaliza alisugua viganja vyake kama aliyeosha mikono, akaenda zake na lori, akamwachia Sosthène shida.

Maana mabomba yasingeweza kupita popote ila ndani, kwenye ukuta wa nyuma, juu kidogo ya sakafu, yakitoboa kutoka chumba hadi chumba. Bomba langu lazima lipite jikoni kwa Vasta ndipo lifike kwangu. Lake lazima lipite jikoni kwangu ndipo lifike bafuni kwake. Na mabomba mawili yakipita kwenye ukuta mmoja, moja huwa juu na jingine chini.

Vasta alitoka akasimama mlangoni kwa jiko lake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sauti ndogo iliyofanya watu wanyamaze ili waisikie.

"Fundi," akasema, "mimi nilikuja kwa hii nyumba kwanza. Bomba yangu haiwezi kulala chini ya mtu aliyenikuta."

Hakunitazama. Nami nikamwambia Sosthène, sikumwambia yeye, "Bomba yake ikiwa juu na yangu chini, sawa. Lakini jikoni kwangu, ili bomba yangu ipande kwenye koki, itabidi ipite juu ya yake ama yake iruke yangu. Mimi niko na mimba. Mutu mwenye mimba harukwi."

Sosthène alitutazama mmoja mmoja. Alichukua kamba mbili za mgomba, akaingia jikoni kwa Vasta, na mchana wote alikuwa akizitandaza ukutani kwa misumari, akizing'oa, akirudi nyuma, akichuchumaa. Nilimfuata. Vasta hakunifukuza, aliendelea kuchambua mboga kana kwamba chumbani alikuwamo fundi peke yake. Ndiyo siku ya kwanza niliyoingia jikoni kwake, na ilikuwa ya mwisho kwa miaka mingi.

Jioni ilipokaribia, Sosthène alisimama.

"Kule mulimani," akasema, "wamama wawili wakikutana kwenye njia nyembamba, kila mumoja na mzigo ya kuni, wanafanya nini?"

Tulijua wanachofanya.

"Wanapishana. Mumoja anageuza bega, mwingine anageuza bega. Hakuna mutu anaruka mutu." Akaonyesha kwa kamba. Jikoni kwa Vasta, bomba la Vasta likae juu, lipande kwenye koki yake bila kugusa kitu, na langu lipite chini yake. Kwenye ukuta unaotenganisha majiko yetu, moja lipinde kuja mbele, jingine lipinde kurudi nyuma, yapishane bila kugusana, na yakitokea upande wangu, langu liwe juu. Yakifika bafuni kwa Vasta yapishane tena. "Kila mutu atakuwa juu kwake," akasema. "Na kwa mwenzake, atapita kwa heshima."

Vasta alimwaga maji machafu ya mboga uani. "Fanya," akasema.

Hivyo ndivyo alivyofanya, na alifanya kwa raha ambayo sijaiona tena kwa fundi yeyote. Alikunja mabomba yale kwa siku nyingi. Viungo alivizungushia katani na rangi nyekundu, kisha akaifuta rangi iliyotoka nje kwa kidole, kwa upole, kama anayemfuta mtoto mdomo. Pale kwenye ukuta kati ya majiko alitengeneza mpishano wake wa kwanza, mapindo mawili marefu, moja likiingia na jingine likitoka, na nafasi ya upana wa kidole kati yake tangu mwanzo hadi mwisho. Aliupitisha mkono pale mara kwa mara, hata alipokuwa na kazi nyingine. Na ili mabomba yasichezecheze, aliyabana yote mawili pamoja kwenye vibao vya mninga, kibao kimoja kwa mabomba mawili, kila hatua chache.

Vibao hivyo ndivyo vilivyobadilisha maisha yangu, ingawa hakuna aliyevikusudia hivyo.

Maji yalipoanza kuja, niligundua kwamba chuma kinasema. Vasta akifungua koki ya bafuni kwake, bomba lake lililopita jikoni kwangu lilitetemeka, kibao kikalipokea tetemeko, na rafu ya sufuria zangu ikaanza kuimba. Mwanzoni niliudhika. Halafu nikaanza kusikiliza. Nilijua anaamka kabla ya kengele ya misheni. Nilijua hafungui koki kwa nguvu kama mimi, hufungua robo, husubiri, halafu hufungua nusu. Nilijua Jumamosi hufua kwanza nguo nyeupe, maana maji yalikuwa marefu, halafu mafupimafupi. Nilijua siku ambazo Yafesi alikuwa upande wake na siku ambazo hakuwa, na nilijua kwamba haikuleta tofauti katika namna alivyofungua maji.

Nilimsikiliza yule mwanamke kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa mwingine. Wakati mwingine nilisimama na kijiko mkononi, ugali ukishika moto chini, nikijiuliza: amenyamaza kwa nini? Anafanya nini sasa?

Kitu kimoja tu ndicho sikukielewa. Binti yangu Masika alipozaliwa nilikuwa nikimwogesha kila jioni, jua likiwa bado juu ya uwanja. Na kila jioni, nilipofungua maji bafuni kwangu tu, maji ya Vasta, kama yalikuwa yanatoka, yalikatika. Papo hapo. Yalirudi nilipokwisha. Nikamweleza mama yangu nilipokwenda Bwera.

"Hataki hata maji yetu itoke pamoja," nikasema.

"Ni wivu," mama akasema. "Muache. Wivu ni kama homa ya mutoto, inapanda jioni."

Nikaamini hivyo. Mdogo wake Baluku akazaliwa, naye nikamwogesha jioni, na maji ya upande wa pili yakakatika vilevile.

Miaka ikapita hivyo. Maduka ya Kasese yakafungwa, rafu zikawa tupu, koki ikiharibika unaifunga kwa mpira wa baiskeli. Sosthène akarudi kwao Beni. Mwaka wa 1977 wanajeshi walimsimamisha Yafesi barabarani karibu na Kikorongo, wakamwambia ashuke. Alisema, "Afande, nina kahawa ya watu." Wakamwambia tena ashuke. Lori likaenda na kahawa ya watu. Siku chache baadaye mtu mmoja alikuja kuuliza jina lake kwa majirani, na Yafesi akapita Bwera kwa miguu, akavuka mto Lubiriha, akaenda Butembo. Hakuaga mlango wowote, wala wangu wala wa Vasta. Hata katika hilo aligawa sawa.

Tukabaki wanawake wawili, watoto wangu wawili, na ukuta. Mwana wa pekee wa Vasta, Danieri, aliendesha mashua ya watalii Mweya, wakati watalii walikuwapo, na alikuja mwisho wa mwezi akiwa na samaki.

Ilikuwa msimu wa mvua, mwaka uliofuata. Mvua ilipiga mabati tangu alfajiri hata usingeweza kusikia mtoto akikuita kutoka kitanda cha pili. Nilivuka uwanja na gunia kichwani, nikaingia jikoni, nikawasha moto. Nikaweka chai. Nikakata viazi. Nikahisi kuna kitu kimepungua na sikujua ni nini, kama unapohisi jino limetoka kabla ulimi haujaenda pale.

Sufuria hazikuwa zimeimba.

Nikajiambia ni mvua, nani atasikia kitu katika mvua hii. Nikachuchumaa nikalishika bomba lake kwa mkono. Bomba lenye maji yanayopita hutetemeka hata usiposikia. Lilikuwa baridi, limetulia. Nilikaa pale nimelishika, chai ikafurika ikazima nusu ya moto, nami sikunyanyuka. Nilikuwa nikingoja. Nikachukua kijiko, nikaligonga bomba lake. Nikaligonga tena.

Kisha nikatoka, nikavuka uwanja katika ile mvua bila gunia, nikazunguka nyumba hadi mbele, nikausukuma mlango ambao sikuwahi kuugusa.

Alikuwa sakafuni kando ya kitanda. Alikuwa amevuta blanketi kwa mkono mmoja likamfunika kiuno, na mguu wake wa kulia ulikuwa umelala vibaya, umegeukia nje. Uso wake ulikuwa wa majivu. Aliteleza alipokuwa akiamka, na nyonga ikavunjika. Alikuwa ameita mpaka sauti ikakauka, lakini mabati yaliimeza.

Nilipiga magoti. Sikujua nimwite nani. Miaka kumi na sikuwa na jina la kumwita.

"Mama Danieri," nikasema.

"Umekuja," akasema. Hakushangaa. "Nilijua utanisikia nisiposikika."

Nilitazama uso wake nikaelewa kwamba yeye naye alijua. Miaka yote ile alijua kwamba nasikiliza.

Jirani yetu Muhwezi na ndugu zake walikuja. Gari lenye mafuta halikupatikana mtaa mzima. Waling'oa mlango wa bafu langu kwenye bawaba, wakamlaza juu yake, wakambeba hadi hospitali huku mimi nikimshikia turubai juu ya uso. Njiani hakulia. Aliniuliza tu kama nimezima moto.

Alikaa hospitali muda mrefu, mguu ukining'inizwa kwa mawe yaliyofungwa kamba, na aliporudi nyumbani alitembea kwa fimbo, hatua ya kwanza mbele, ya pili ikiburutwa. Kuanzia chumbani kwake hadi bafuni palikuwa uwanja mzima wa matope. Nikawa namshika mkono asubuhi na jioni. Nikawa namwogesha. Hatukuzungumzia jambo hilo. Siku ya kwanza nilifika nikasimama mlangoni, akanipa fimbo niishike, basi.

Siku moja nilikuwa nikimmwagia maji mgongoni. Masika, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, aliingia bafuni kwangu, ukuta wa pili, akafungua koki yake kwa nguvu. Maji yetu yakasinyaa yakawa uzi. Vasta akanyoosha mkono, bila kufikiri, akaifunga koki yetu.

Mkono wangu ukasimama mgongoni kwake.

"Mama Danieri. Kwa nini umefunga?"

"Mtoto anaoga."

"Siyo mutoto mudogo tena."

"Ni mazoea." Akajifuta macho sabuni. "Tangi iko moja. Nikifungua yangu, yako inakuwa uzi. Mtoto mdogo anashikwa na baridi akingoja maji. Bomba yako inapita jikoni kwangu, na hapa inapita. Nilikuwa naisikia ikianza, nafunga."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ng'ambo ya ukuta Masika alikuwa akiimba wimbo wa shule. Nikafikiria jioni zile zote, mimi na hasira yangu na mtoto mwenye povu mkononi, naye upande wa pili amesimama, amejaa sabuni, anangoja.

"Wewe ulifikiri nini?" akauliza.

"Nilifikiri ni wivu."

Alilifikiria hilo. "Wivu ulikuwako," akasema. "Lakini ulikuwa kwa mambo ingine."

Habari ya Yafesi ilinifikia Bwera. Nilikwenda siku ya soko kumwona mama yangu, nikamkuta Sosthène ameketi kibarazani kwake akila ndizi. Alikuwa amenenepa kidogo. Sasa alivuka mara kwa mara kuuza soketi na koki, maana upande wetu havikupatikana.

"Yafesi iko muzima," akasema. "Amepata nyumba karibu na soko ya Butembo. Anasema uvuke na batoto, na mama yako pia. Mama mukubwa, Danieri amupeleke Mahango kwa ndugu zake. Mimi nimetumwa nije nikusaidie. Na nitoe bomba yako na koki zako, tuvuke nayo. Kule bomba ni shida."

"Bomba yangu peke yake?"

"Yako. Ya mama mukubwa ibaki. Amesema kila mutu na haki yake."

Mama yangu alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake. Vitenge, sanamu ya Bikira Maria iliyofungwa kwenye taulo, sufuria. Alikuwa na furaha kama msichana. Tulitembea hadi Mpondwe mpakani, tukasimama mahali unapoona mto na watu wakipita na mabeseni kichwani, na ng'ambo ile barabara nyekundu inayopanda kwenda kwetu. Nilitaka kwenda. Nilitaka baridi ya Butembo asubuhi, na viazi vyake, na kusikia kila mtu akiongea kama mimi. Nilimtaka hata Yafesi, kwa namna unavyomtaka mtu ambaye hujapata nafasi ya kumgombeza.

Tulipanda basi la kurudi Kasese, mimi na Sosthène, akiwa na mfuko wake wa vyuma miguuni. Kikorongo tulishuka tukanunua mahindi ya kuchoma. Nilishindwa kula langu.

Vasta nilimkuta akipukuchua maharagwe. Nilimweleza yote, wala sikupunguza neno. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea.

"Nenda," akasema. "Mume haachwi peke yake kwa nchi ya watu."

"Ile nchi ni yangu."

"Basi ni vizuri zaidi."

"Na wewe?"

"Mahango kuna ndugu zangu." Akapeperusha maganda. "Kule hakuna maji ya bomba, lakini tulizaliwa bila bomba."

Nilitaka aseme jambo jingine. Akachukua kiganja kingine cha maharagwe.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni nikipanga sufuria katika kikapu, nikasikia bomba lake likianza kutetemeka. Lilikuwa mapema kuliko kawaida, na sikuwa nimekwenda kumshika mkono. Maji yalitoka kidogo, yakakatika. Kimya. Yakatoka, yakakatika. Kitu cha bati kikaanguka. Yakatoka tena.

Nikatoka nikachungulia. Vasta alikuwa peke yake bafuni, matope hadi magotini, fimbo imeegemezwa mbali. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa akijifunza kuinua ndoo. Aliijaza maji kidogo, akaiinua, ikamshinda, akaimwaga. Akaiokota. Akaweka maji machache zaidi.

Aliniona.

"Najaribu," akasema.

Nilirudi jikoni kwangu. Sosthène alikuwa amekwisha kufika, amepiga magoti kwenye kona ya nyuma, pale penye mpishano wake, spana mkononi. Hakuwa ameanza. Alikuwa akipitisha kidole katika ile nafasi kati ya mabomba, akiisafisha utando wa buibui.

"Angalia," akasema kwa sauti ya chini. "Hata kidogo haikusogea. Sasa ninaanza kufungua wapi? Roho inanikataza."

"Usifungue kwa kuondoa," nikamwambia. "Toboa mulango."

"Mulango ya nini?"

"Kati ya jikoni yangu na yake. Hapa. Mpaka jikoni kwake nitapanga matofali ya kukanyaga; kutoka pale asizunguke tena kwenye matope. Kutoka kwake hadi kwangu, na kutoka kwangu baadaye utatoboa mwingine hadi kwa bafu yake. Apite ndani, mahali pakavu."

Aliinuka taratibu. Alipima ukuta kwa macho. Upande wa mbele ndipo meko yetu yalipotegeana migongo, yangu na ya Vasta, na bomba la moshi juu yake. Pale pasingetobolewa bila kuangusha paa. Mahali pa pekee palikuwa hapa alipokuwa amesimama.

"Lakini hapa ndipo zinapishana," akasema. "Hii kazi nilifanya nikiwa kijana. Siwezi kuipata tena hivi."

"Najua. Nilikuwa nimekaa hapa unaifanya."

"Na bomba itapita wapi?"

"Wewe ndiye fundi."

Alikaa juu ya kikapu changu cha sufuria. Alivuta sigara nzima. Mwishowe akauliza, "Na Yafesi nimuambie nini?"

"Mwambie bomba imekataa kutoka."

Aliangalia kikapu alichokalia, akaangalia sufuria zilizobaki ukutani, akaelewa. "Mama yako atalia," akasema.

"Atalia. Halafu atavuka, na mimi nitamutembelea."

Mama alilia, akavuka, na nilimtembelea. Yafesi alirudi mwenyewe baada ya vita vya 1979, amepungua, ana mvi, akasimama katikati ya uwanja akiangalia milango asijue wa kuingia. Alikuta wake zake wakila sahani moja. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Sosthène alikata ule mpishano kwa msumeno, taratibu, kwanza bomba la Vasta, halafu langu. Alibomoa matofali hadi upana wa mtu mwenye fimbo. Kisha akayapandisha mabomba yote mawili kando ya mlango mpya, yakapita juu ya kizingiti, yakashuka upande wa pili. Huko juu hakukuwa na koki ya mtu, wala hakuna aliyeuliza nani awe wa juu. Aliyalaza sambamba, mapindo yake yakiwa mafupi kuliko ya ujanani. Alipomaliza alirudi nyuma akachuchumaa, akafumba jicho moja.

"Inapita," akasema.

Vumbi la matofali lilipotulia, Vasta alitokea upande wake. Alipima hatua kwa fimbo. Alipofika chini ya mabomba aliinamisha kichwa, ingawa yalikuwa juu sana, akapita, akasimama jikoni kwangu. Hakuwahi kuingia humo hata siku moja. Alitazama meko, akatazama rafu ya sufuria iliyobaki nusu tupu, akatazama masizi ya dari na kigae changu cha chumvi, kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu aliyesikia habari za mji kwa muda mrefu na sasa amefika. Akasogea hadi dirishani.

"Kumbe huku kwako unaona mlima," akasema. "Kwangu tangi inaziba."

Akavuta kigoda, akaketi hapo akiuangalia, nami nikaanza kutoa sufuria kikapuni.